Mgongo Niliouona Ghalani

Tajiri wetu alirudi kutoka Mombo na gunia tupu amelikunja chini ya kwapa, akatuita wote uani. Hakusalimia. Alilitandaza gunia juu ya saruji, mdomo wake ukielekea kwetu, akauliza ni nani aliyelishona.

Sikuwa na haja ya kuinama. Uzi ulikuwa umekatwa upande mmoja ili maharage yamwagwe, lakini sikio la upande wa pili, ile pembe ya kushikia, lilikuwa bado zima. Ndani ya sikio hilo, mahali ambapo mshonaji mwingine hawezi kuweka kitu, fundo langu lilikuwa limekaa vilevile nilivyoliacha.

"Ni langu, tajiri," nikasema.

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekwisha kujibiwa kabla ya kuuliza. Akasema gunia hilo amelikuta kwa mama anayepikia abiria wa mabasi pale Mombo, na kwamba yeye hajawahi kumuuzia mtu wa Mombo hata punje moja. Akasema amekuwa akiona ghala linapungua na akadhani ni panya, au macho yake yameanza kuzeeka. Sasa amejua ni mkono wa nani. Wenzangu walisogea kidogo. Hakuna aliyekusudia, nadhani, lakini nilijikuta nimesimama peke yangu na gunia.

Nikaanza kuogopa palepale, na woga ule haukuniacha; mpaka leo umebaki nami kwa namna yake.

Nieleze fundo lenyewe. Mimi niliacha shule kabla ya kumaliza la saba, na tangu hapo sikupata kukaa mahali. Nimekata mkonge, nimevuna mpunga Magoma, nimechunga ng'ombe za watu katika nyanda kavu za Handeni. Kila nilipopita niliuliza maswali mpaka watu wakachoka nami, na kila nilipoondoka niliondoka na kitu kidogo nilichojifunza. Fundo nililipata kwa mama mmoja wa wafugaji, nilipokuwa nikichunga ng'ombe za mumewe. Alikuwa anashona shanga kwenye ngozi, na akimaliza aliipeleka ncha ya uzi ndani, akaizungusha mara mbili, akaifungia huko isionekane. Alisema ncha ikionekana kazi haijaisha. Nilikaa naye kivulini hadi vidole vyangu vikaelewa.

Nilipofika Korogwe na kupata kazi kwenye ghala la nafaka, nilipewa shazia, ile sindano ndefu ya magunia, na rundo la uzi wa katani. Magari yalileta mahindi kutoka Sindeni na vijiji vya Handeni, na maharage kutoka milimani. Kazi yangu ilikuwa kufunga midomo ya magunia na kuacha sikio kila pembe, ili kuli apate pa kushika. Washonaji wengine hufunga fundo nje, na ncha za katani hubaki zimesimama kama miba. Kuli akibeba, zinamchoma shingo. Mimi nilizificha ndani. Makuli wakanipenda. Mmoja wao, jitu la watu kutoka Magoma, alikuwa akipita na mzigo kichwani ananiambia, "Fundi, shingo yangu inakuombea dua."

Basi fundo lililonipa jina zuri ndilo lililonisimamisha uani. Na hakuna aliyejiuliza jambo moja ambalo hata mimi, kwa hofu, sikuweza kulisema siku ile: kwamba niliyashona magunia yote ya ghala lile. Fundo lilikuwa linasema gunia limepita mikononi mwangu. Halikusema limetokaje mlangoni. Lakini jambo rahisi namna hiyo, ukiwa umezungukwa na watu wanaokutazama mdomo, halisemeki.

Usidhani niliogopa kufukuzwa kazi tu. Kazi nimeacha nyingi. Niliogopa neno lenyewe, mwizi. Mji ni mdogo, neno hilo likishatamkwa linatembea kwa miguu yake. Zamani, kwenye mnada mmoja huko Handeni, niliona kijana akipigwa kwa ajili ya simu. Walimpiga hadi akaacha kujikinga. Kisha simu ikaita, ndani ya kikapu cha mwenyewe aliyekuwa akipiga kelele. Watu wakatawanyika kimya kimya, kila mmoja akikumbuka alikuwa na safari. Yule kijana alibaki amelala, na nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kuona vumbi likiingia mdomoni mwake. Nilikuwa na umri kama wake. Kila mtu aliponitazama pale ghalani, nilihisi lile vumbi.

Tajiri hakunipeleka polisi siku ile. Alikwenda kwanza kwa wakili, akarudi na maneno mawili ambayo alituambia akiwa amesimama ngazini, kwa sauti ya mtu aliyeyalipia. Alisema kuna ushahidi wa mazingira, vitu vinavyozungumza bila mdomo, kama fundo. Na kuna ushahidi wa moja kwa moja, mtu aliyeona kwa macho yake. Fundo linatosha kumfikisha mtu kituoni. Kumfunga, alisema, ni afadhali apatikane wa macho. Aliyeona chochote aende kwake, au kwa mpwa wake.

Huyo mpwa, mtoto wa dada yake, ndiye aliyekuwa mtunza ghala. Funguo zote zilikuwa kwake, na pikapu ya kazi aliiendesha yeye. Kijana mpole, mchangamfu, anayejua majina ya watoto wetu.

Na mimi nilikuwa nimeona kitu.

Ilikuwa alasiri, wiki kadhaa kabla. Wenzangu walikuwa wamekwenda kuswali, wengine kula. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya mlundiko wa magunia nikisoma kipande cha gazeti kuukuu kilichofungiwa sabuni. Nikasikia miguu. Nilipochungulia nikaona mgongo wa mtu aliyebeba gunia akitokea mlango wa nyuma, ule usiotumika. Uso sikuuona. Lakini kichwani, chini ya gunia, kulikuwa na ngata, kitambaa cha kusokotwa cha kukalia mzigo, ya rangi ya maruni. Makuli wote pale walikuwa na ngata za kanga au matambara. Yule jitu wa Magoma pekee ndiye aliyejisokotea ngata kwa sweta la shule la mwanawe, na makuli hawaazimani ngata. Wanasema anayekuazima ngata anakuazima na maumivu ya shingo yake.

Siku ile niliona, nikarudi kwenye gazeti langu. Magunia hutoka kila siku. Nilikumbuka baada ya tajiri kutandaza lile gunia uani. Nilikuwa na mtu wa kumpa tajiri. Na mtu mwenyewe ni yule ambaye shingo yake inaniombea dua.

Nilinyamaza. Sikunyamaza kwa wema. Nilinyamaza kwa sababu kila nilipofungua mdomo niliogopa kitakachotoka.

Mpwa alinijia mwenyewe nikiwa nashona. Alikaa juu ya gunia, akanipa nusu ya andazi lake, akaniuliza habari za mama yangu kule Sindeni. Halafu akashusha sauti. Alisema anajua mimi si mwizi, lakini mambo yote yamenielekea: fundo langu, tena mtu wa kuja, asiye na mke wala shamba, leo yuko hapa kesho kule. Akaniambia kuna njia moja tu ya kujinasua.

"Sema ulimwona yule mtu wa Magoma akitoka na gunia mlango wa nyuma," alisema. "Hata kama hukumwona vizuri. Wewe unakuwa shahidi, na shahidi hashtakiwi."

Nikamjibu nitafikiri. Akanipiga bega, akasema nisifikiri sana, kufikiri kumenipotezea shule. Tukacheka wote wawili. Mimi nilicheka na shazia ikanichoma kidole.

Kesho yake nilimwomba ruhusa niende nikamwone mama, nipumue kidogo. Akanipa bila kuuliza. Nikapanda gari la barabara ya Handeni, na ni humo garini, tumeshapita mashamba ya mkonge, kichwa kilipoanza kufanya kazi. Kwa nini alitaja mlango wa nyuma? Mimi sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Tajiri hakuutaja. Gunia lililokutwa Mombo halikusema limepitia mlango gani. Mlango ule ulifungwa kwa kufuli, na ufunguo ulikuwa kwake.

Nilijaribu kujibishana na nafsi yangu. Labda alibahatisha. Labda kuli fulani alimwambia. Lakini ndani yangu nilikuwa nimekwisha kumhukumu, na jambo lililonitisha zaidi ni kwamba nilimhukumu vilevile kama tajiri alivyonihukumu mimi, kwa kitu kidogo kinachoelekea upande mmoja. Yeye alikuwa na fundo. Mimi nilikuwa na maneno matatu. Tofauti yetu ni kwamba yeye ndiye tajiri, na mtu niliyemshuku mimi ni damu yake.

Mama alikuwa uani anapukuchua mahindi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniwekea ugali na mlenda, hakuniuliza chochote mpaka nikanawa mikono.

"Umechukua cha watu?" akauliza.

"Sijachukua, mama."

"Kama hujachukua, mbona unakula kama mtu anayesikiliza mlango?"

Nikamweleza yote, la fundo, la mgongo, la mpwa. Alisikiliza huku anapukuchua. Mwisho akasema nirudi Korogwe asubuhi, wakifungua ghala wanikute nimekaa. Nisikutwe nyumbani kwake. Alisema mimi nimezoea kuondoka kila mahali panaponikera, na safari hii nikiondoka, watu watakuwa wamepata walichokuwa wanakitafuta.

Alikuwa amechelewa kunishauri. Nilikuwa nimeshaondoka tayari. Asubuhi, kabla sijafunga viatu, pikipiki mbili zilisimama nje, na mgambo aliyeshuka alikuwa mtu wa kijiji chetu, amecheza na kaka yangu. Alimwamkia mama kwanza, kwa Kizigua, kwa kirefu, mpaka habari za mbuzi. Kisha akanitazama kwa haya akasema ametumwa. Taarifa iliyofika kwa mtendaji ilikuwa kwamba mfanyakazi wa ghala ametoroka. Nikamwambia niliomba ruhusa kwa mtunza ghala. Akasema mtunza ghala ndiye aliyetoa taarifa.

Majirani walikuwa wametoka. Mama alisimama mlangoni ameshika kanga mdomoni. Hakulia wala hakuniaga. Nilipopanda nyuma ya pikipiki, nilisikia mwanamke mmoja akiuliza mwenzake nimeiba nini, na yule mwingine akajibu kwa uhakika kabisa kwamba ni ng'ombe.

Pale kituoni Korogwe nilimkuta yule jitu wa Magoma ameshawekwa mahabusu. Viatu vyake vilikuwa kaunta, vikubwa kama mitumbwi, na juu yake ile ngata ya maruni.

Afande aliyeniandikisha maelezo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na alitaka jambo liishe. Alinieleza kwamba nikisema nilichoona, tajiri yuko tayari kuniacha. Nikamtazama tajiri, alikuwa amekaa benchi la nje, na mpwa wake alikuwa amesimama kaunta, amewaletea maafande chai na chapati. Alinipungia mkono.

"Uliona nini?" afande akauliza.

"Niliona mgongo."

"Mgongo wa nani?"

"Sikuona uso, afande."

"Mgongo hauna jina, bwana. Nipe jina."

"Alikuwa na ngata ya maruni."

Akaichukua kaunta, akainyanyua. "Hii?"

"Inafanana na hiyo."

"Na hii ni ya nani?"

"Ya kuli wa Magoma. Lakini ngata si kichwa, afande. Niliona ngata. Kichwa sikukiona."

Aliweka kalamu chini. Akaniuliza kama nimesomea sheria. Nikamwambia hata la saba sijamaliza. Akasema ndiyo maana nasumbua, waliosoma huwa wanajibu ndiyo au hapana. Maafande wengine wakacheka na chapati mdomoni. Akanipa nafasi ya mwisho: niseme ni yeye, niende nyumbani, au niendelee na migongo yangu nikalale naye ndani.

Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Sijui kilichonizuia, na sijioni shujaa kwa hilo. Nadhani niliogopa zaidi kusema jambo nisilolijua kuliko kukaa ndani. Kuhusu mpwa na mlango wa nyuma sikusema chochote. Alikuwa amesimama hatua chache tu, anapuliza chai.

Nikavuliwa mkanda na viatu.

Chumba cha mahabusu kilikuwa na dirisha moja juu, na jua la mchana lilichora nondo ukutani. Yule jitu alikuwa ameegemea pembeni, magoti kifuani. Hakuitikia salamu yangu. Nilikaa upande wa pili, karibu na mlango. Alikuwa na mikono ya kunyanyua gunia kama mto, na nilijua anaamini nimemtaja. Nilijua pia kwamba huenda kweli ni mwizi, na kwamba mimi nimeingia humu kwa ajili ya mwizi. Nilimtazama kila alipojigeuza. Watu wengine wawili waliokuwamo, wa kesi zao, walizungumza mambo ya mpira. Mimi sikusikia hata bao moja.

Siku iliyofuata walituambia kutakuwa na gwaride la utambulisho. Yule mama wa Mombo ameletwa, na atapita mbele yetu, amguse bega mtu aliyempelekea maharage. Walikusanya wanaume wengine wa mtaani, bodaboda na wapiga debe, wakatupanga uani kwa mstari, mimi katikati, yule jitu mwishoni. Mpwa siku hiyo hakuja. Tajiri alisimama barazani na wakili wake.

Mama wa Mombo akatokea mlangoni. Nilimjua. Miaka ya nyuma, katika mizunguko yangu, nilikuwa nikiuza mayai ya kuchemsha kwenye madirisha ya mabasi pale Mombo, mbele ya banda lake. Nilikuwa nikikaa kwenye benchi lake jikoni kumuuliza kwa nini wali wake haushikani, na yeye akinifukuza kwa mwiko. Nikaelewa kwa mara moja kitakachotokea. Ataona uso anaoujua katikati ya nyuso asizozijua. Atasema, huyu. Na hatakuwa anadanganya.

Alipita polepole, mtu mzima, mkoba kifuani. Alimtazama wa kwanza, wa pili. Aliponifikia akasimama. Akainamisha kichwa upande, akanitazama macho, pua, masikio. Tulikuwa tumeambiwa tusizungumze.

Akanigusa bega.

"Huyu namjua," alisema.

Nilisikia tajiri akivuta pumzi kule barazani. Afande akakaribia na karatasi zake.

"Ndiye aliyekuletea magunia?"

"Nimesema namjua."

"Mama, unamjua kwa magunia?"

Alinitazama tena. Sijapata kusubiri neno la mtu namna ile. Mkono wake ulikuwa bado begani kwangu, na ulikuwa na harufu ya vitunguu.

"Huyu alikuwa akiuza mayai pale kwangu," alisema mwisho. "Maswali mengi. Nilimfukuza, wateja walikuwa hawali. Maharage hajaniletea huyu."

Akaondoa mkono. Nilishika suruali yangu isianguke, maana mkanda walikuwa nao wao. Yeye akaendelea na mstari hadi mwishoni, kwa yule jitu, na hapo hakusita hata kidogo. Akamgusa kifuani, begani hakufika.

"Huyu ndiye aliyeshusha magunia."

Basi, nikajua imekwisha. Macho yamepatikana. Mgongo wangu umepata uso. Afande alikuwa ameshaanza kuandika, na tajiri alikuwa anashuka ngazi, yule jitu alipozungumza kwa mara ya kwanza tangu niingie mahabusu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nilipokushushia, nilikuomba hela?"

Afande akamwambia anyamaze, si zamu yake. Lakini mama alikuwa ameulizwa na mtu aliyemwamkia, na alimjibu.

"Hukuniomba. Ulishusha ukanywa maji. Hela nilimpa yule wa kwenye pikapu."

"Yupi huyo?" afande akauliza.

"Mwenye gari. Hakushuka. Kijana mzuri tu, ana heshima. Nilimuuliza maharage ni ya nani, akaniambia ghala ni la mjomba wake, kwa hiyo mimi nikanunua kwa amani. Na huyu mzee pale ngazini, juzi alipokuja bandani alinyakua gunia akaondoka nalo mbio. Angeniuliza, ningemwambia."

Mpiga debe mmoja kwenye mstari, ambaye hakujua habari hata moja ya kesi ile, alimtazama tajiri, maana sote tulikuwa tunamtazama. Tajiri alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mwisho, mguu mmoja bado juu. Alikohoa. Kisha akamshika wakili mkono, wakaingia ndani na mkuu wa kituo, na mlango ukafungwa.

Sikusikia kilichosemwa. Nilisikia tu, walipotoka, wakili akiwaambia maafande kwamba jambo hili ni la kifamilia na litamalizwa kifamilia. Mama wa Mombo alipewa nauli. Mkanda wangu ulirudishwa, na viatu vya yule jitu, na ngata yake. Tuliambiwa twende.

Tulitembea pamoja mpaka karibu na daraja. Kisha akaniuliza nilimwambia afande nini. Nikamwambia nilivyosema, neno kwa neno: mgongo, ngata, si kichwa. Alisimama akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Ungesema ni mimi usingedanganya," alisema. "Ni mimi niliyebeba lile gunia."

Akaniambia mtunza ghala alimtuma. Apitishe mlango wa nyuma, gari limeegeshwa huko, mzigo wa haraka wa Mombo. Kuli haulizi mzigo unakwenda wapi. Alipokamatwa aliwaeleza, lakini mtunza ghala aliapa kwamba hajawahi kumtuma, na neno la kuli juu ya neno la mwenye funguo ni bure. Akasema alipokuwa mle ndani alinitazama akafikiri kitu kimoja tu, kwamba nimemtaja ili nijiokoe, na kwamba alikuwa akinisubiri nisinzie.

Sikumuuliza nikisinzia angefanya nini.

Baada ya siku hizo nilizoea kwenda mahakama ya mwanzo kusikiliza kesi za watu, bila kuwa na kesi yangu. Nimesikia watu wengi wakiapa kwamba waliona kwa macho yao. Kila mara namfikiria mtu wa Magoma akitembea na gunia, nami nikimwona, na kila nilichoona kikiwa kweli, mpaka mgongo, mpaka ngata, mpaka mlango. Kweli tupu, na ingemfunga mtu aliyetumwa kazi. Fundo, kwa upande wake, halikusema uongo pia. Waliokosea ni sisi tuliotaka vitu hivyo viseme zaidi ya vilivyokuwa vinajua. Hilo linanitisha kuliko watu waongo. Mwongo unaweza kumkamata.

Lakini kabla ya hayo, baada ya kuachiwa, tulirudi ghalani wote wawili, kwa sababu tulikuwa tunadai mishahara na kwa sababu tulitaka jambo moja. Tajiri alitupokea vizuri. Alituagizia soda. Mpwa wake alikuwa amekaa mezani pake, funguo kiunoni, akatusalimia na kuuliza habari za nyumbani. Nilipomtazama aliinamia simu yake.

Nikamwambia tajiri kwamba hatutaki fidia. Tunaomba tu awaite watu uani, kama alivyowaita siku ile, awaambie kwamba mimi na mwenzangu hatukuiba. Nilisema kwa adabu, macho chini.

Alitutazama kwa mshangao wa kweli. Nadhani ulikuwa wa kweli.

"Kwani nani alisema nyinyi ni wezi?" akauliza.

Yule jitu aliiweka soda yake chini bila kuimaliza. Tukatoka. Kwenye kona ya soko, dada anayekaanga vitumbua, ambaye nimekula kwake tangu nifike mji ule, aliniona ninakuja. Akanisalimia kwa jina, kwa tabasamu, akaniuliza nimepotelea wapi. Na wakati anauliza, bila kuacha kugeuza vitumbua, alilivuta kopo lake la chenji kutoka mezani akaliweka katikati ya magoti yake.